Utafiti wa Udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Sisi Watu wa Ofisini

(Hotuba hii ilisomwa na Kamati ya Elimu mbele ya mkutano wa wanachama. Inapigwa chapa humu kwa ajili ya ndugu zetu wa matawi ya mbali ambao hawakuweza kuhudhuria, wapate kuifikiri kabla ya kura ya Hazina ya Masomo.)



 Twajua ya kuwa wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja, wala hamjafika nyumbani kuwaona watoto, na maneno marefu humchosha mtu mwenye njaa. Basi tutajitahidi kusema yaliyo ya lazima, na kuyasema kwa utaratibu.

Jambo lililotuleta ni hili. Katika mkutano uliopita mlituagiza, sisi wa Kamati ya Elimu, tuchungue habari za shahada ya udaktari, ambayo siku hizi huitwa shahada ya uzamivu, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: ni elimu zipi zinazotafitiwa huko, mtu huingiaje, gharama zake ni zipi, na kama yafaa Chama kitoe fedha za Hazina ya Masomo kumsaidia mwanachama aitakaye. Agizo hilo lilitoka katika mabishano makali. Baadhi yenu mlisema ya kuwa fedha zetu ni haba, nazo zatosha kuwapeleka makarani kadhaa wajifunze utunzaji wa hesabu au kazi ya kompyuta kwa miezi michache. Kwa nini basi zimezwe na mtu mmoja kwa miaka mitatu au mitano, ili mwisho wake aitwe Daktari na kutuhama? Neno hilo ni zito, nasi hatukuja kulidharau. Tumekuja kulijibu, na jibu letu mtalipima wenyewe.

Kwanza yatupasa tukijue kitu tunachokisema. Watu wengi hudhani ya kuwa udaktari ni masomo yale yale ya chuo yaliyorefushwa, na kwamba mtu akivumilia kukaa darasani muda mrefu kuliko wenzake, basi hupewa jina hilo kama malipo ya uvumilivu. Sivyo. Katika ngazi za elimu zilizowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya kwanza ni ngazi ya 8, shahada ya umahiri ni ya 9, na ya uzamivu ni ya 10, ambayo haina nyingine juu yake. Lakini namba si tofauti kubwa. Katika shahada ya kwanza mwanafunzi huonyesha ya kuwa ameyafahamu yaliyokwisha kujulikana na wengine. Katika ile ya uzamivu yampasa alete jambo ambalo halikuwa limejulikana, na kulithibitisha kwa ushahidi mbele ya watu wenye kujua. Neno lenyewe latoka katika kuzama. Mzamiaji hasifiwi kwa kulowa maji. Husifiwa kwa kile alichopanda nacho mkononi.

Tukitazama nyuma twaona jinsi mlango huu ulivyokuwa umefungwa kwa wazee wetu. Mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba na makarani wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika, ambacho ndicho babu wa vyama kama hiki chetu. Mwaka huo huo wa 1922 huko Makerere, Uganda, kilifunguliwa chuo cha ufundi chenye wavulana 14 waliojifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Hayo ndiyo yaliyokuwapo. Makerere haikuingia katika daraja la vyuo vikuu, chini ya Chuo Kikuu cha London, mpaka mwaka 1949. Karani wa Tanga wa siku zile, awe na akili kama wembe, hakuwa na mahali katika Afrika Mashariki pa kupata hata shahada ya kwanza.

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la chama cha TANU lililokuwa katika barabara ambayo leo huitwa Lumumba. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, ambako kipo hata sasa. Na tarehe 1 Julai 1970 kilijitenga na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kikawa chuo kikuu kamili. Tumeitaja miaka hiyo mpate kuona ya kuwa jambo tunaloliita la kawaida lina umri mdogo kuliko baadhi ya wazee waliokaa humu ukumbini.

Sasa tuulize: waliozamia Mlimani walipanda na nini? Tutataja wanne, kila mmoja katika elimu yake.

Mwaka 1972 Marjorie Mbilinyi alitoa tasnifu yake juu ya jinsi wazazi wa vijijini katika Tanzania wanavyokata shauri la kumpeleka mtoto shule au kutompeleka. Jambo hilo kila mwalimu mkuu na kila katibu kata huliona mwanzo wa mwaka, wakati wa kuandikisha watoto. Lakini kuliona ni jambo moja, na kulipima ni jambo lingine.

Mwaka 1973 Gilbert Gwassa alimaliza tasnifu yake juu ya kuanza na kuenea kwa Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Yeye hakutosheka na maandishi ya Wadachi. Katika miaka ya 1960 alikwenda kwa wazee wa Umatumbi, walioishuhudia vita ile kwa macho yao au kuisikia kwa baba zao, akawauliza na kuandika majibu yao. Fikirini, ndugu zetu: miaka sitini ilikuwa imekwisha kupita. Lau angalichelewa miaka ishirini, wazee wale wangalikuwa wamelala makaburini, na habari ya Kinjikitile tungaliisoma kwa kalamu ya adui zake peke yao.

Mwaka 1982 Issa Shivji alitoa tasnifu yake katika sheria, juu ya kukua kwa kazi ya mshahara na sheria za kazi katika nchi yetu kutoka 1920 hadi 1964. Nayo baadaye, mwaka 1986, ilitoka kuwa kitabu. Jambo hili latuhusu sisi moja kwa moja. Mapambano ya wafanyakazi, madai ya mshahara, migomo ya bandarini na ya mashambani, vingi katika hivyo vilibaki katika taarifa na barua za maofisa. Kila barua ya namna hiyo ilipigwa taipu na karani, ikapewa namba na karani, ikafungwa katika jalada na karani.

Na mwaka 1986 Mugyabuso Mulokozi alitoa tasnifu juu ya tendi za Wahaya zinazoimbwa kwa nanga. Wako waliodhani ya kuwa nyimbo za wazee wa kijijini si jambo la chuo kikuu. Yeye alionyesha kwa hoja ya kuwa Afrika ina tendi zake, zenye kanuni zake, na kwamba si lazima zipimwe kwa kibaba cha Wayunani.

Kwa mifano hii minne twapata neno ambalo ndilo kiini cha hotuba yetu. Hakuna hata mmoja katika hao aliyeanza kwa kutamani jina. Kila mmoja alikuwa na swali, na swali lenyewe lilikuwa limelala mahali panapojulikana na watu wa kawaida: mlangoni pa shule, barazani pa wazee, katika majalada, katika kamba za nanga. Udaktari ni swali lililobebwa mpaka mwisho. Na sisi watu wa ofisini, ndugu zetu, tumekalia maswali kama kuku akaliavyo mayai, ila sisi hatuyaangui.

Mtu asiseme ya kuwa maswali makubwa huwajia wakubwa peke yao. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, kijana mmoja wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa haraka ya kugombea nafasi katika jokofu aliyaweka maziwa yake yangali moto, naye akaona ya kuwa yaliganda mbele ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza sababu, akachekwa. Alipokuwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena mbele ya Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo cha Dar es Salaam aliyekuja kuwatembelea. Wanafunzi wenzake wakacheka tena. Lakini mgeni yule hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, jambo likajaribiwa, na mwaka 1969 wote wawili wakaliandika katika jarida la elimu ya fizikia. Hata leo wanasayansi wa dunia hubishana juu ya jambo hilo, nalo huitwa kwa jina la Mpemba. Yeye mwenyewe baadaye alijifunza kazi ya wanyamapori katika chuo cha Mweka, akawa mtumishi wa Serikali kama sisi. Asiyeuliza hana ajifunzalo. Na anayemcheka aulizaye huua mawili kwa mara moja, swali na mwulizaji.

Tuje sasa katika nafasi zenyewe. Tumepeleleza na kuona ya kuwa utafiti wa udaktari hufanywa karibu katika kila elimu inayofundishwa Mlimani na katika matawi yake. Iko sheria, iko elimu ya ualimu, iko biashara na uchumi, iko historia, lugha na sayansi ya jamii. Iko uhandisi, uliokuwapo tangu mwaka 1973, ambamo mtu aweza kutafiti maji, barabara, umeme au viwanda. Ziko kemia, fizikia, hisabati na elimu ya viumbe. Iko elimu ya madini na miamba, na iko elimu ya kompyuta na mawasiliano.

Kwa ndugu zetu wa Visiwani na wa pwani, iko Taasisi ya Sayansi za Bahari, Unguja. Mathalani, kilimo cha mwani kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, nacho kimewapa akina mama wengi fedha zao wenyewe. Lakini maji ya bahari yakizidi joto, ile aina ya mwani yenye bei nzuri hufa. Afisa wa uvuvi aandikaye kila mwezi ni magunia mangapi yamepimwa, anayo mikononi mwake nusu ya utafiti.

Kwa wapenzi wa lugha, iko Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Mzizi wake ni ile Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Nayo iliingia Chuoni mwaka 1964, ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na mwaka 2009 ikaunganishwa na Idara ya Kiswahili na kupata jina lake la sasa. Huko tasnifu ya udaktari huandikwa kwa Kiswahili tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Twawaomba mlitie jambo hili moyoni, maana wako kati yetu wenye akili nzuri waliokata tamaa kwa kuogopa Kiingereza.

Na kama Mlimani ni mbali na kazi ya mtu, asidhani ya kuwa mlango ni mmoja. Kilimo na mifugo viko katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kilichotengwa na Mlimani mwaka 1984. Uganga na afya viko Muhimbili, na mambo ya ardhi na majengo yako Chuo Kikuu cha Ardhi, vyote viwili vikiwa vyuo vikuu vyenye kujitegemea tangu mwaka 2007. Arusha iko Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, ambayo iliundwa hasa kwa ajili ya shahada za juu.

Na njia ya kuingia ni hii. Mtu awe na shahada ya umahiri iliyo nzuri. Asiyekuwa nayo aanzie hapo, asione haya, kwa maana ngazi hupandwa kutoka chini. Kisha aandike pendekezo la utafiti: anauliza nini, wengine wamesema nini juu ya jambo hilo, atapata wapi ushahidi, na kwa njia gani. Amtafute msimamizi ambaye kazi yake ni ya namna hiyo hiyo, amwandikie kwa adabu na kwa ufupi. Pendekezo hujadiliwa na idara na kupita katika vikao vya Chuo. Baada ya hayo hutafuta vibali: kibali cha utafiti, na kama jambo lahusu afya za watu, hutakiwa pia idhini ya wasimamizi wa maadili, kama vile Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa. Ndipo huenda uwandani, hukusanya, hurudi, huandika. Tasnifu husomwa na watahini wa ndani na wa nje ya Chuo, na mwisho mtafiti husimama mbele ya jopo kuitetea kwa kinywa chake. Muda wa kawaida ni miaka mitatu kwa mtu asomaye muda wote, na zaidi kwa yule asomaye huku akifanya kazi. Lakini tusidanganyane: wengi huchelewa, na wako waachao njiani.

Ndugu wanachama, yatupasa tuwaeleze kwa nini huacha, kwa sababu mmoja wao ni mwenzetu wa Kamati hii, naye ametupa ruhusa tuyaseme mambo yake bila kumtaja jina.

Mwenzetu huyu alishika masjala ya ardhi katika wilaya moja kwa miaka mingi. Alipoingia katika masomo ya udaktari, aliandika pendekezo juu ya utumishi wa umma na maendeleo ya taifa. Lilirudishwa. Akaliandika upya, likarudishwa tena. Na mara ya tatu vivyo hivyo. Aliona ya kuwa anaonewa kwa sababu ya ukarani wake. Miaka miwili ikapita, na ada ameilipa kwa mkopo wa mshahara. Siku moja msimamizi wake alimwuliza, “Bwana, katika masjala yako, ni jalada lipi lililochakaa kuliko yote?” Naye akajibu bila kufikiri, akalitaja jalada la mpaka wa vijiji viwili, ambalo lilikuwa limefunguliwa kabla hajazaliwa, na kila afisa aliyehamia wilayani aliandika humo kana kwamba ndiye wa kwanza kulisikia jambo lile. Msimamizi akamwambia, “Hilo ndilo swali lako. Kwa nini ugomvi huu hauishi?” Mwenzetu asema ya kuwa jioni ile alirudi nyumbani akilia, kwa furaha na kwa uchungu, maana lile alilolitafuta kwa miaka miwili alikuwa amelipangusa vumbi kila Jumatatu.

Alianza upya, naye alifanya kazi vizuri. Lakini alikuwa hana ruhusa ya masomo iliyoandikwa. Alikuwa na ahadi ya mdomo tu. Mkubwa aliyemwahidi akahamishwa. Mkubwa mpya hakuiona barua yo yote, akamwambia achague kazi au masomo. Ana watoto wanne. Alichagua kazi. Madaftari yake ya uwandani yamo sandukuni, nasi tumeyaona. Wazee watatu kati ya aliowahoji wamekwisha kufariki.

Kutokana na habari hiyo twatoa mashauri matatu kwa ye yote anayetaka kuzamia.

La kwanza: usiende na jina la kitu kikubwa, nenda na swali dogo lenye mzizi. Swali la wilaya moja lililojibiwa sawasawa hulifaa taifa kuliko swali la taifa zima lisilojibiwa.

La pili: usitoke ofisini bila ruhusa ya mwajiri iliyoandikwa, iliyotiwa sahihi, na kuwekwa katika jalada lako. Sisi ndio tuwaambiao wananchi kila siku ya kuwa lisilo katika maandishi halipo. Haifai tulisahau neno hilo kwa nafsi zetu. Kadhalika, majalada ya ofisi si mali ya karani. Atakaye kuyatumia katika utafiti aombe idhini, asije akatoa siri za Serikali kwa jina la elimu. Ziko Nyaraka za Taifa, Upanga, ambako kwa kawaida kumbukumbu hufunguliwa kwa wasomaji zikitimiza miaka 30.

La tatu: zihesabu fedha kabla ya kuondoka. Ada ni sehemu tu. Iko nauli ya uwandani, iko posho ya wasaidizi, iko kupiga chapa na kujalidi, na iko nyumba inayokungoja. Misaada ipo kwa anayeitafuta. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ina mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi. Shirika la Kijerumani liitwalo DAAD limewasaidia wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wasome katika vyuo vya huku huku. Kwa wachumi, lipo Shirika la Utafiti wa Uchumi Afrika lenye makao Nairobi tangu mwaka 1988, ambalo hushirikiana na Dar es Salaam katika udaktari wa uchumi. Masharti ya misaada hii hubadilika mara kwa mara. Kwa hiyo kila mtu asome tangazo lenyewe, asitegemee maneno ya mtaani, wala asimpe mtu fedha aahidiye kumwombea nafasi.

Sasa twalijibu lile neno la ugomvi. Ni kweli ya kuwa fedha za Hazina haziwezi kumsomesha mtu udaktari. Hata tukizitoa zote hazitoshi ada ya mwaka wa kwanza na wa pili. Ni kweli vile vile ya kuwa makarani wengi wana haja ya mafunzo mafupi, na haja hiyo ni ya leo. Na ni kweli ya kuwa zamani tulimsaidia mtu akaondoka, wala hajatukumbuka hata kwa barua. Kwa hiyo hatuwaombi mwache mafunzo mafupi.

Twaomba hivi. Sehemu kubwa ya Hazina iendelee kwenda katika mafunzo mafupi kama ilivyo desturi. Sehemu ndogo itengwe kwa ajili ya mwanachama mmoja kwa wakati mmoja, si kwa ada, bali kwa ile safari ya uwandani ambayo ndiyo huwashinda watu wengi. Apewe yule ambaye amekwisha kukubaliwa na Chuo, mwenye ruhusa ya mwajiri mkononi. Naye atufungie ahadi ya mambo mawili: kwamba aje kusema mbele ya mkutano huu kila mwaka alipofikia, na kwamba akimaliza atuandikie kwa Kiswahili chepesi, katika kurasa chache, kile alichokiona, kipigwe chapa katika gazeti letu. Kwa njia hiyo hata akituhama, kazi yake haitatuhama.

Na kama mtauliza faida ya haya kwa karani ambaye hatakwenda chuo kikuu maisha yake yote, twajibu kwa kuwarudisha kwenye lile jalada lililochakaa. Vijiji vile viwili vingali vikigombana. Kila mwaka watu huandika barua, karani huipokea, huipa namba, huiweka mahali pake. Na mwaka wa pili huja nyingine. Kazi yetu ni safi, wala hakuna awezaye kutulaumu. Lakini hakuna aliyewahi kukaa na kuisoma barua ya kwanza pamoja na ya mwisho na kuuliza sababu. Mtu huyo akipatikana, ataturudishia maana ya kazi tuliyoifanya kwa miaka yote hiyo. Asipopatikana kati yetu, siku moja atakuja mgeni, atakaa miezi michache, ataandika, na sisi tutasoma habari zetu wenyewe tukisema, “Hapa amekosea.” Lakini tutakuwa tumechelewa.

Mwisho, twawaomba viongozi wa matawi kila mmoja akusanye kwa wanachama wake swali moja, swali ambalo hurudi mezani kila mwaka na halijapata jibu, na kutuletea kabla ya siku ya kura. Si lazima liandikwe kwa ufasaha. Sisi tutayapanga na kuyapeleka Mlimani, katika idara zinazohusika, wapate kujua ya kuwa maswali yako. Na mwenzetu mwenye sanduku la madaftari amekubali kulifungua tena, ikiwa mkutano huu utaona vema awe wa kwanza kuomba. Sisi hatutampigia kura kwa sababu ni wa Kamati yetu. Kura hiyo ni yenu.